Mikono ya Mke Wangu Dirishani

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na lina miguu mitatu na tofali moja. Anayekalia upande wa tofali haruhusiwi kucheka kwa nguvu. Kahawa ni ya Bi Birika, ambaye hupanga vikombe juu ya kreti la soda na kutukaripia sote sawasawa, bila upendeleo. Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko milango miwili kutoka hapo, na kijiweni naitwa Milimita kwa sababu sijawahi kumtoa mteja na pindo lililopinda. Wiki ile nilikuwa sikai sana dukani. Nilikuwa nakaa mwisho wa benchi, nikitazama ng'ambo ya barabara. Juu ya duka la vifaa vya shule kuna ghorofa, ghorofani kuna dirisha, na dirishani, kuanzia saa tatu asubuhi, kulikuwa na mikono ya mke wangu.

Mikono tu. Dirisha liko juu, kwa hiyo ukikaa kwenye benchi humwoni mtu, unaona mikono inayofika dirishani tu, kuanzia viwiko hadi vidole. Mikono imevaa glavu nyeusi zenye nyaya nyembamba mgongoni. Inanyanyua kitambaa kisichokuwepo, inakikunja, inakipitisha chini ya sindano isiyokuwepo. Na kila baada ya muda inakuja mikono mingine, ya mwanamume, haina glavu, inaushika mkono wa mke wangu na kukaza mkanda pale kwenye kifundo. Nilikuwa nahesabu. Siku hiyo ninayoisimulia ilikuwa siku ya nne, na hata saa nne haijafika.

Mimi: Kumi na mbili.

Redio: Kumi na mbili nini?

Mimi: Hakuna kitu. Kunywa kahawa yako.

Redio ndiye kinyozi, mwenye ukuta. Jina alilipata kwa sababu hazimiki. Wakati huo alikuwa amemwacha mteja kitini na povu kidevuni, akaja na taulo begani kujibana katikati yetu. Kushoto kwake alikuwa Mkaguzi, mstaafu aliyekagua tiketi za mabasi miaka thelathini na hajamwamini mtu tangu hapo. Kulia kwake alikuwa Chaji, fundi simu, ambaye kitu chochote chenye waya kikitajwa huvuta pumzi kwanza ndipo aseme.

Redio: Aa, unahesabu anavyomshika shemeji! Sema tu, kaka. Hata mimi ningehesabu.

Chaji: Hamshiki. Anarekebisha. Glavu ile ina vitambuzi kwenye kila kiungo cha kidole. Ikilegea kidogo tu, mashine inadhani kidole kiko mahali ambapo hakipo.

Mkaguzi: Anarekebisha! Mimi kila niliyemkuta hana tiketi alikuwa anarekebisha kitu. Kofia, mkoba, kamba ya kiatu. Mwanamume akiushika mkono wa mke wa mtu mara kumi na mbili kabla ya saa nne, ana lake jambo.

Mimi: Kumi na tatu.

Sasa nieleze ilivyoanza, maana mtaani imesimuliwa vibaya, na aliyeisimulia vibaya ni Redio. Pale ghorofani wameanzisha kazi ya kutengeneza masomo ya ufundi ya kwenye miwani. Mwanafunzi anakaa huko kwao aliko, anavaa miwani mikubwa inayofunika macho yote, anavaa glavu, na mbele yake inatokea cherehani ambayo haipo. Akisogeza mkono wake, mkono wa ndani ya miwani unasogea. Lakini ili afundishwe, lazima kwanza mikono ya fundi wa kweli irekodiwe ikifanya kazi. Basi akashuka mkubwa wao, yule ambaye kijiwe kimempa jina la Bwana Glavu, akauliza fundi cherehani mzoefu kuliko wote mtaa huu ni nani. Benchi zima likaninyooshea kidole. Nilifurahi mno. Nilikwenda hata kubadilisha shati.

Kule juu alinikalisha, akanivisha glavu kidole kimoja kimoja. Akasema nifunge ngumi, nifungue, nitandaze vidole, niguse dole gumba kwa kila kidole kwa zamu, eti glavu inajifunza mkono wangu. Halafu miwani. Nikaona kitambaa cha bluu, nikaona sindano, nikaona uzi unaning'inia. Nikafanya anachofanya fundi yeyote: nikapeleka ncha ya uzi mdomoni niilainishe. Ngumi yangu ikagonga miwani, pua ikaumia. Nikajaribu tena. Mara hii nikaiinua miwani kidogo kwa mkono mwingine, nikalamba vidole vya glavu, tena vizuri. Kitu kikalia ndani yake. Kwenye skrini yao mkono wangu ukajipinda kinyumenyume, ukaanza kuzunguka wenyewe. Bwana Glavu hakunicheka. Angenicheka ningemsamehe. Alisema tu, "Haina neno, baba, tupumzike kidogo," akaikausha ile glavu kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto wake.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameniletea miwani yangu ya kusomea, niliisahau dukani. Bwana Glavu akamuuliza, "Na wewe, mama, unashona?" Mama Pacha akajibu, "Namsaidia mume wangu." Akaketi pale nilipoondoka, kiti bado kina joto langu. Akavishwa. Akafunga ngumi, akafungua. Ule uzi akausokota ncha kwa vidole, akaupenyeza kwenye tundu mara moja, bila mate. Mimi nilirudi dukani peke yangu na shati langu safi.

Nilikuwa na wivu. Naliandika neno lenyewe ili tusizungushane. Nilikuwa na wivu wa mume na kijicho cha fundi, vyote katika kifua kimoja, na sikujua kipi kati ya hivyo kilikuwa kinaniamsha alfajiri.

Redio: Na nyumbani vipi? Kabadilika?

Mimi: Hajabadilika.

Redio: Milimita, mimi ni kinyozi. Watu wananidanganya wakiwa na wembe shingoni. Kabadilika?

Mimi: Juzi jioni alikuwa anaitazama picha ya ukutani, ile ya pacha walipokuwa wadogo. Akaisogelea, akaweka vidole viwili kwenye kioo, akavitanua.

Chaji: Alitaka kuikuza.

Mimi: Haikukua.

Mkaguzi: Na jana?

Mimi: Jana alitaka kuufunga mlango wa jikoni akiwa amekaa. Akaubana hewani na vidole, akauvuta.

Mkaguzi: Ukafungika?

Mimi: Mlango wetu hata ukiusukuma kwa bega haufungiki.

Redio: Sasa hayo madogo. Lete lile kubwa. Nakuona una lingine.

Nilikuwa nalo. Sikutaka kulitoa, lakini kijiwe kina namna yake ya kukuchokonoa mpaka useme.

Mimi: Leo asubuhi nilikuwa namweleza namna ya kukata kola ya mteja. Namweleza kwa upole tu. Akanifanyia hivi.

Nikawaonyesha: mgongo wa kiganja, unapita hewani kutoka kushoto kwenda kulia, bila haraka. Chaji akaweka kikombe chini.

Chaji: Duh.

Redio: Duh nini? Sema!

Chaji: Hiyo ni ishara ya kuondoa. Kitu kikikuziba ndani ya miwani, unakipangusa hivyo, kinatoweka.

Redio: Na kilichokuwa kinamziba ni nini?

Mimi: Ni mimi.

Bi Birika: Labda alikuwa anafukuza inzi.

Mimi: Hapakuwa na inzi.

Bi Birika: Basi alikuwa anakuondoa wewe. Hata mimi ningekuondoa. Mtu aliyelamba glavu anafundisha kola asubuhi asubuhi!

Walicheka, Redio akasahau tofali, benchi likayumba na kahawa ya Mkaguzi ikamwagika gotini. Mimi sikucheka. Dirishani mikono ya mwanamume ilikuwa imerudi. Kumi na nne. Mara hii haikukaza mkanda na kuondoka. Ilikaa, imeushika mkono wa kushoto wa mke wangu, ikaugeuza upande huu na upande ule.

Mkaguzi: Tazameni wenyewe. Huko ndiko kurekebisha?

Chaji: Inawezekana kitambuzi kimoja kina hitilafu.

Mkaguzi: Chaji, hebu nijibu. Mkono ukisharekodiwa, unawekwa wapi?

Chaji: Kwenye kompyuta.

Mkaguzi: Kompyuta ya nani?

Chaji: Ya kazini. Ile ndogo ya kubeba.

Mkaguzi: Jioni inabaki ghorofani?

Chaji: Sidhani. Huwa namwona akiondoka nayo.

Mkaguzi: Begani?

Chaji: Begani.

Mkaguzi: Basi kila jioni mtu yule anaondoka mtaani hapa na mikono ya shemeji begani, na mume amekaa hapa anahesabu.

Nilikuwa nimeshamwona Bwana Glavu akipita na lile begi jeusi kila jioni, na nilikuwa namwitikia salamu. Nilimwitikia kila siku, tena kwa heshima, kumbe amebeba.

Redio: Ngoja, ngoja. Ikiwa mikono imo ndani, anaweza kuitoa?

Chaji: Kuitoa vipi?

Redio: Kuitumia. Yuko sebuleni kwake, kavaa miwani, anaiambia mikono ya shemeji njooni, nikuneni mgongo.

Chaji: Hapana, ile imerekodiwa kushona. Inajua kushona tu.

Redio: Atajishonea.

Chaji: Ila kusema kweli, zipo glavu za aina nyingine. Zinarudisha mguso. Ukigusa kitu ndani ya miwani, glavu inakubana kidole, unahisi kabisa kama umegusa.

Chaji angenyamaza hapo ningeshukuru. Lakini macho yote yalikuwa yamemgeukia, na Chaji akipata wasikilizaji hupoteza akili aliyozaliwa nayo.

Redio: Kwa hiyo mtu anaweza kukaa kwake ameushika mkono wa shemeji, na shemeji mwenyewe yuko kwake anaosha vyombo?

Chaji: Kitaalamu...

Redio: Kitaalamu nini?

Chaji: Kitaalamu haizuiliki.

Mkaguzi: Na shemeji anahisi?

Chaji: Akiwa hana glavu, hahisi.

Mkaguzi: Una hakika? Mkono ni mmoja. Umeurekodi, umeugawa. Huku ukishikwa, huku utaacha kusisimka? Ndiyo maana anabana milango hewani. Anavutwa!

Redio: Na si yule mmoja tu. Masomo yanauzwa. Wanafunzi mia, mia mbili, kila mmoja huko kwake anafundishwa na mikono ya shemeji. Milimita, una waume wenza mia mbili na hujawahi hata kuwaona sura.

Mkaguzi: Waume wenza gani? Sema washindani.

Redio: Kisha ile mikono itajifunza. Leo pindo, kesho suruali nzima. Keshokutwa mteja anapita dukani kwako anakuambia, fundi, samahani, nguo zangu sasa nashonewa na mkeo, lakini si yule wa dukani, yule wa kwenye miwani. Yule hachoki. Yule hana mume.

Kijiweni tunasema mengi, na kwa kawaida nikishuka kwenye benchi huwa nimeyaacha pale pale. Siku ile hayakubaki. Najua Redio ni muongo na Mkaguzi ana ugonjwa wa kushuku. Lakini uongo wao ulikuwa unaingia kwangu pale pale palipokuwa wazi. Mimi ndiye niliyemfundisha yule mwanamke kushika mkasi. Alikuja kwangu hajui hata upande wa nje na wa ndani wa kitambaa. Leo mikono hiyo hiyo inaitwa mikono ya fundi, na mimi naitwa baba, tupumzike kidogo.

Mimi: Nikimaliza kikombe hiki napanda kumshusha.

Redio: Haya! Sasa unasema!

Bi Birika: Unamshusha kwa kosa gani?

Mimi: Kazi za wateja zimelala dukani.

Bi Birika: Zimelala kwa sababu wewe umekaa hapa. Duka lina vyerehani viwili, vyote viwili havilii. Cha mwenzio najua kwa nini kiko kimya. Chako je?

Mimi: Bi Birika, mambo ya mke na mume usiyaingilie.

Bi Birika: Nisiyaingilie? Haya matatu hapa yanayaingilia tangu asubuhi na yananywa kahawa yangu. Mama Pacha kakaa dukani mle miaka ishirini na mbili. Vifungo yeye, pindo yeye, tundu za vifungo yeye. Na sote tukipita tunasema duka la Milimita. Leo mtu mmoja kamwita fundi, na nyinyi mnaumwa.

Mkaguzi: Anayemwita mke wa mtu fundi mara ya kwanza, mara ya pili atamwita kitu kingine.

Bi Birika: Wewe mkeo ulimwita nini? Mbona aliondoka?

Mkaguzi akaangalia goti lake lililolowa. Redio akaokoa jahazi kwa kunishika bega.

Redio: Ukifika juu utasema nini? Jaribu hapa. Mimi ni shemeji.

Akatandaza mikono hewani, akaanza kushona kitu kisichoonekana, akilegeza shingo kwa madaha.

Mimi: Mama Pacha, vua.

Redio: Vua nini?

Mimi: Glavu.

Redio: Litaje glavu mapema. Umeingia kwa watu unasema vua, watakuelewa vibaya. Tena.

Mimi: Mama Pacha, vua glavu, twende dukani.

Redio: Kwa nini, Baba Pacha?

Mimi: Kwa sababu nimesema.

Redio: Mbona sauti inatetemeka?

Mimi: Haitetemeki.

Chaji: Kidogo.

Kikombe changu kilikuwa kimebaki mashapo matupu, lakini niliendelea kukiinua. Ukweli ni kwamba niliogopa. Sikumwogopa Bwana Glavu. Niliogopa nitafungua ule mlango na Mama Pacha atageuka na ile miwani machoni, haoni kilichosimama mbele yake, na ataunyanyua mkono wake, atapitisha mgongo wa kiganja hewani, na mimi nitashuka ngazi kweli.

Lakini nilikuwa nimeshasema mbele ya watu. Nikakiweka kikombe kwenye kreti, nikasimama, nikavuta shati. Redio akapiga makofi mawili. Nikakanyaga barabara.

Sikufika mbali. Mlango wa ngazi ng'ambo ulifunguka na Bwana Glavu akatoka, mwenyewe, mbio mbio, akaangalia kushoto na kulia, akavuka akaja moja kwa moja kwetu. Hajawahi kuja kijiweni. Nikajikuta narudi nyuma nakaa, na nilipokaa nilikalia tofali. Mkononi alikuwa ameshika glavu moja, nyeusi, vidole vimelegea.

Bwana Glavu: Shikamoo, baba.

Mimi: Marahaba.

Bwana Glavu: Shikamooni, wazee. Samahani kwa kuwakatisha.

Redio: Tulikuwa tunazungumzia mvua.

Bi Birika akammiminia kikombe bila kumuuliza. Akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na hakukaa kwenye benchi ingawa Chaji alijisogeza kando kumpisha. Alichuchumaa mbele yangu, uso wake ukawa chini ya wangu. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mchovu wa macho, kucha zake safi kweli. Nilitamani awe na dharau kidogo. Ingenisaidia.

Bwana Glavu: Baba, mama anashona vizuri sana. Nimerekodi mafundi sita kabla yake, sijaona mkono wa namna ile. Sijui umemfundisha vipi.

Mkaguzi alikohoa.

Bwana Glavu: Ila kuna jambo limetutatiza tangu siku ya kwanza. Kidole cha mwisho, mkono wa kushoto. Hakikunjiki.

Mimi: Hakikunjiki vipi?

Bwana Glavu: Hakikunjiki, baba. Vingine vyote vinakunjika, kile kinabaki kimesimama. Na kwenye mashine yetu kidole hicho kikisimama peke yake ni amri ya kusitisha. Basi anashona mishono mitatu, somo linasimama. Nakwenda kukaza mkanda. Anashona tena, linasimama. Nikadhani glavu imelegea. Siku nne zote mimi nakaza glavu. Leo ndiyo nimeivua, nikaugeuza mkono wake nikautazama. Glavu ni nzima. Ni kidole.

Sote tukaangalia juu. Dirishani mkono wa kulia ulikuwa bado na glavu. Wa kushoto ulikuwa mtupu, umelala kwenye ukingo wa dirisha. Nilikaza macho. Kutoka kwenye benchi huwezi kuona kidole cha mtu.

Bwana Glavu: Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Kidole kile kilipatwa na nini, na je, bado kinamuuma? Kama ni jeraha la zamani, limepona, naiambia mashine izoee na tunaendelea. Kama kinamuuma, nasimamisha leo hii. Siwezi kumfanyisha mtu kazi huku anaumia.

Mguu wa Mkaguzi ukanikanyaga chini ya benchi. Nilimwelewa. Neno moja tu, kinamuuma, na mke wangu angeshuka zile ngazi kabla ya saa sita, bila ugomvi, bila mimi kupanda, kwa adabu zote. Nilichokuwa nakitaka siku nne kilikuwa kimeletwa mpaka mbele ya magoti yangu na mtu mwenyewe aliyenichoma moyo.

Mimi: Kwani yeye hukumuuliza?

Bwana Glavu: Nimemuuliza. Amecheka.

Mimi: Akasema nini?

Bwana Glavu: Kasema, "Muulize mume wangu hapo kijiweni. Yeye alikuwepo."

Nikatafuta kichwani. Wallahi nilitafuta. Nikaanza dukani: sindano ya cherehani? Sindano ilinichoma mimi, na nakumbuka hata rangi ya uzi. Mlango wa chuma, mwaka tuliohamia? Mkasi mkubwa ulipoanguka? Pasi? Nikaenda nyumbani, nikapita jikoni, uani, nikarudi mpaka siku walipozaliwa pacha, mpaka siku ya kwanza alipoingia dukani hajui upande wa kitambaa. Kila nilipopita nilimkuta yupo, amekaa upande wake, mikono inafanya kitu. Kitambaa nilikikumbuka. Mishono niliikumbuka, hata ile niliyomfumulisha akashona upya. Vidole sikuviona popote.

Nikataka kusema kinamuuma. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikaona sijui. Huenda kinamuuma kweli, miaka yote, kila akishikilia kitambaa, na mimi pembeni yake nahimiza kazi.

Redio: Si ile... si ile ya...

Akaishia hapo. Mkaguzi aliuondoa mguu wake juu ya wangu.

Bwana Glavu: Baba? Kinamuuma au hakimuumi?

Bi Birika alinitazama. Halafu akaanza kukusanya vikombe, hata cha Chaji ambacho kilikuwa nusu.

Bi Birika: Kahawa imekwisha. Nyanyukeni.

Birika lilikuwa juu ya jiko, limejaa, mvuke unatoka mdomoni. Hakuna aliyembishia. Redio akakumbuka ana mteja mwenye povu. Chaji akasema kuna simu anaisubiri. Mkaguzi akaondoka bila kuaga, na benchi likabaki na mimi peke yangu juu ya tofali. Bwana Glavu hakuondoka. Alikuwa bado amechuchumaa, glavu ya kushoto mkononi, ananingoja nijibu.